Kurasa Thelathini na Mbili

Kitabu cha mama nilikipangilia kwenye laptopu, Mikumi, katika chumba nilichopanga karibu na barabara kuu. Alikuwa amenisimulia maisha yake ya Kimamba, mimi nikaandika. Macho yake yalikuwa yakififia, na ombi lake lilikuwa moja tu: akisome mwenyewe kabla hayajazima kabisa.

Toleo la simu lilinichukua siku moja. Kwenye simu maneno yanateremka tu, na anayetaka herufi kubwa anazikuza mwenyewe. Nikawatumia ndugu zangu, wakasifia. Karatasi ndiyo iliyonitoa jasho. Kijitabu cha kukunjwa katikati huenda kwa kurasa nne nne. Ukizidisha mstari mmoja unaongeza karatasi nzima, na kurasa tatu zinabaki tupu. Nami kurasa tupu zinanikera. Nikabadilisha herufi, nikapunguza ukubwa, nikaurudisha, nikabana mistari, nikainuka, nikakaa tena. Mwisho nikachagua herufi nyembamba, nzuri mno kwenye kioo, kitabu kikaingia kurasa thelathini na mbili kamili. Nikajiona fundi.

Nilichapisha nakala moja kwenye steshenari pale Kilosa mjini, nikaenda nayo moja kwa moja kwa mama. Nilimpa shikamoo nikiwa bado nimesimama, na kitabu nikakitoa kabla hajamaliza kuitikia.

Alivaa miwani, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vizuri hata nikakaa chini. Akafika kwa mtoto wake wa kwanza, kaka yangu aliyefariki akiwa na siku tisa, jinsi alivyokuwa akimshika kidole hataki kuachia.

Maneno hayo hayakuwamo kitabuni. Yalikuwa kwenye simu za ndugu zangu. Kwenye karatasi niliyaondoa mwenyewe, ili kitabu kienee. Mama hakuwa akisoma. Hakuwa akiziona herufi zangu, alikuwa akisema ya moyoni na kufunua kurasa kwa kukisia, nisije nikaumia.

Akaninyooshea kitabu. "Hebu nisomee hapo pa kaka yako. Nataka nisikie ulivyopaandika."

Nilifunua, nikafunua tena. Ningeweza kumdanganya, maneno yake nayajua yote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele yake.

"Mama, hapo nilipaondoa. Kurasa zilizidi."

Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa kanga.

"Zilizidi ngapi?"

"Ukurasa mmoja, mama."