Katuni Isiyokuwa na Ndege

Mpaka leo mtu akiniambia "ule ulikuwa mzaha tu," damu hunichemka. Mzaha huo tu ndio uliomshusha baba yangu kutoka kwenye dungu wakati mpunga unatia maziwa, punje zikiwa bado laini za kunyonywa na ndege.

Sisi wa kijiji cha Wema hupanda mpunga kwenye ardhi ambayo mto Tana umeifunika kisha ukaiacha. Katikati ya kila shamba husimama dungu, jukwaa la miti lililo refu kuliko mtu, na juu yake hukaa mlinzi na kombeo lake na vitonge vya udongo. Mlinzi wa peke yake ni bure. Ndege wakitua kwake, yeye hupiga ukelele, nao huruka kwa jirani, jirani naye huupokea ukelele na kuupeleka mbele, hivyo hivyo mpaka ndege wachoke na kurudi msituni. Dungu moja likinyamaza, hapo ndipo watakaposhuka wote. Baba aliharibika goti siku gogo la mtumbwi lilipomwangukia, na tangu hapo akawa yeye ndiye mwanzo wa ukelele upande wetu. Alikaa juu kutwa nzima na kofia yake kuukuu, miguu ikining'inia.

Mimi, binti yake, sikwenda shule. Herufi nilijifunza kwa kitabu cha nyimbo cha mama, nikaendelea na magazeti yaliyofungiwa sukari katika maduka ya Garsen. Sukari ikiisha, nilikung'uta karatasi, nikainyoosha chini ya mkeka, nikaisoma. Niliyapenda matangazo kuliko habari kwa sababu yalikuwa na picha. Naungama kwamba nina ugonjwa wa kutaka kuelewa kila kitu mpaka mwisho. Nikishindwa na sentensi moja, hata ugali haupiti. Kulikuwa na tangazo la sabuni: mwanamke, shati jeupe, tabasamu. Nililitazama mara nyingi nikijiuliza kwa nini naitamani sabuni ile, mpaka nikaona kwamba picha nzima haina mto. Haina mamba, haina maji yenye rangi ya chai ya maziwa, haina ndoo kichwani. Aliyeichora aliuza sabuni kwa kuuondoa mto. Nikajiona mjanja sana. Nikajiwekea kanuni: kila picha, tafuta kilichoondolewa.

Kanuni yangu haikunifaa kitu siku ya baraza.

Bwana shamba alikuja Garsen kutushawishi tufyeke ardhi iliyo mbali na mto, tupande pamba. Alisimama mbele ya maduka, akaanza kwa kutusifu: watu wa Tana ni hodari, hawaogopi maji. Kisha akauliza maswali yasiyo na jibu ila moja.

"Mnataka watoto wenu wavae vizuri?"

"Ndiyo!"

"Mnataka baiskeli?"

"Ndiyo!"

Alipokwisha kutuzoeza kusema ndiyo, akafungua karatasi kubwa ya katuni. Upande mmoja, mtu aliyevaa kofia amekaa juu ya dungu, miguu inaning'inia, macho yamefumbwa, magugu yamemzunguka. Upande wa pili, mtu na jembe, nyuma yake nyumba ya bati na baiskeli. Chini pameandikwa: *Wewe ni yupi?*

Ilichorwa vizuri, nalo hilo linaniuma. Hata kucha za miguu zilionekana. Niliuhusudu mkono ule kabla sijaona umefanya nini.

"Mzee!" mtu mmoja akamwita baba kutoka nyuma. "Umepigwa picha lini, hata hukutuambia?"

Baraza zima likacheka. Baba naye akacheka, akavua kofia akaipunga kama anayesalimu. Bwana shamba akangoja kicheko kipungue, akasema kwa upole, "Mimi sikumtaja mtu. Ninyi ndio mmemtaja."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala. Jinsi ilivyo safi! Amempiga mtu, na mkono umebaki kuwa wetu.

Kutoka Garsen mpaka nyumbani baba alibeba kofia kwapani. Asubuhi akachukua jembe.

"Baba watoto," mama akamwita, "waenda wapi na goti hilo?"

"Kulima."

"Kulima nini? Mpunga unatia maziwa!"

"Dungu ni la watoto na la wasio na kazi."

"Tangu lini?"

Akatoka na jembe begani. Mimi nilijua tangu lini.

Nikapanda dungu mimi. Sauti yangu ni nyembamba, na hapakuwa na wa kuipokea, maana wanaume wa mashamba ya jirani nao walikuwa wameona haya wakashuka. Kila mmoja alikuwa na jembe, anakwangua mahali palipokwisha kupaliliwa, apate kuonekana. Ndege waliinuka kama moshi, wakashuka hatua chache mbele, wakaendelea kunyonya. Nilirusha vitonge mpaka bega likafa ganzi.

Huko juu nilitunga hotuba ya kumrudisha baba. Niliitengeneza, nikaivunja, nikaitengeneza tena, mpaka pasiwe na neno la kuondoa. Nikamwendea akiwa amekaa chini anapalilia, mguu mbovu ameunyoosha. Nikaanza kwa kumsifu. Kisha nikamwuliza, "Baba, hutaki tule mpaka mavuno mengine?" Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno mazuri, mama," akasema. "Umefundishwa na bwana shamba?"

Nilirudi juu nikalia kwa hasira, nyingi yake ikiwa ni ya kujichukia mwenyewe. Na pale pale, ndege wakinilia masikioni, nikaikumbuka ile karatasi. Mbingu yake ilikuwa tupu! Hakikuwamo hata kindege kimoja. Mtu yeyote aliyekaa juu ya dungu katika nchi isiyo na ndege ni mvivu kweli. Sijui kama mchoraji hakujua, au alijua akawaondoa. Sijui lipi kati ya hayo linanikasirisha zaidi.

Kesho yake nilimwachia mama dungu nikaenda Garsen na kipande cha mkaa. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa duka. Nikaanza na mbingu ile tupu. Ndege wa kwanza alitoka na mdomo wa bata, nikamfuta kwa mate, nikaanza upya.

Mwenye duka akatoka mbio. "Wee binti! Karatasi ya serikali hiyo! Wataka duka langu lifungwe?"

"Naisahihisha, bwana."

"Nani kakutuma?"

Mimi nilikuwa nachora bawa. Niliwajaza ndege mbinguni, kisha nikawachora kwenye shamba la yule wa jembe, nyuma ya mgongo wake, wanakula. Mama mmoja wa wafugaji, aliyeleta maziwa kuuza, akasogea akatazama. Akaangua kicheko.

"Ndege nakula ya mtu ya jembe! Yeye haoni!"

Watu wakakusanyika. "Tajiri huyu," mmoja akasema, "analimia ndege!" Mwingine akaongeza, "Ndiyo maana amenunua baiskeli. Awakimbize!" Wakacheka mpaka mwenye duka naye akacheka, akasahau kunifukuza.

Ilikuwa tamu, na utamu wake ukanitisha. Sikuwa nimethibitisha kitu. Nilikuwa nimekichukua kicheko kile kile kilichomla baba, nikakielekeza kwa mwingine, nacho kikamla bila kuuliza.

Habari zilinitangulia nyumbani. Asubuhi jembe lilibaki ukutani. Baba alipanda dungu polepole, mguu mbovu ukiwa wa mwisho, akapiga ukelele. Kimya. Akapiga tena. Kisha kutoka shamba la jirani, sauti ikaupokea, na nyingine mbele yake.

Upande wa shamba letu ulioelekea msitu ulikuwa umekwisha kuliwa na ndege. Masuke yake yalisimama wima kabisa, maana suke lenye mchele huinama. Mpunga ule hatukuula, na hakuna baraza lililoitishwa kwa ajili yake.

Baada ya hapo baba alikwenda Garsen kununua chumvi. Aliporudi alinikabidhi chumvi, akakaa, akalisugua goti lake.

"Nimeiona," akasema. "Umechora ndege wachache."

"Karatasi ilikuwa ndogo, baba."