Kambare wa Bwawa la Pujini

Nyumbani kwangu Kengeja hakukuwahi kupikwa kambare. Nilikataza mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa. Mke wangu alikuwa mtu wa Pujini, babu zake walitoka bara, na kwao samaki wa bwawa ni kitoweo kama kitoweo kingine. Kwetu sisi wavuvi wa baharini, anayekula samaki wa maji baridi huchekwa mpaka harusini. Nilimwambia, "Matope hayaingii chunguni mwangu." Akapika changu, nami kwa ujinga wangu nikadhani nimeshinda.

Mwaka jana akaugua. Hospitali ilipoturudisha nyumbani, chakula kikamshinda kabisa. Changu, tasi, mchuzi wa pweza, vyote alivisukuma. Siku ya nne akasema, "Miye n'nataka kambare, bwana. Wa bwawa la kwetu." Siku hiyo ningepika hata jiwe, ilimradi ale.

Asubuhi nikaenda Pujini, kwenye bwawa la kumwagilia mpunga, na mshipi wangu wa baharini: chubwi zito la risasi, ndoana ya changu, chambo cha ngisi. Nimevua tangu utotoni, nani wa kunifundisha? Chubwi likazama topeni, mshipi ukanasa kwenye mayungiyungi ukakatika. Nikafunga mwingine, nao ukakatika. Mpaka adhuhuri sina kitu ila perege mmoja mdogo kama kidole, nimekaa nayatukana maji.

Shemegi yangu, dada wa mke wangu, alikuwa akipalilia mpunga ng'ambo ya bwawa. Nilimkwepa tangu asubuhi kwa aibu. Akaja mwenyewe, miguu imejaa tope.

"Lete mshipi huo, shemegi. Huku si baharini."

Akang'oa chubwi, akafunga kipande cha kandambili kuukuu kiwe boya, akatia nyungunyungu kwenye ndoana ndogo. Hakuniuliza namvulia nani. Kabla ya alasiri nilikuwa na kambare wawili.

Niliwapika kwa mkono wangu, kwa nazi. Mke wangu akaegemea mto, akala tonge la kwanza, la pili, la tatu. Furaha ilinijaa nikashindwa kukaa. Nikamwomba radhi, kwamba miaka yote hiyo nilimnyima.

"Hukuninyima," akasema polepole. "Nlikuwa nkila kwa dada, kila nkenda kumtazama. Nkirudi, nasukutua kwa ndimu hapo kisimani, usije ukasikia harufu."

Zaidi ya miaka thelathini, mke wangu alikuwa akisimama nje ya nyumba yake mwenyewe, anasafisha mdomo kwa kuniogopa mimi. Nilijichukia. Akanisogezea sahani, nikala. Kambare alikuwa mtamu, na nilimla mpaka akaisha bila kuthubutu kumtazama machoni.

Siku chache baadaye aliniomba akifa azikwe kwao, Pujini. Hilo aliliomba waziwazi, nami sikukataa.