Pima na Betri ya Mama Mkwe

Wateja walimwita Pima, na yeye mwenyewe akipokea simu alijitaja hivyo hivyo. Alikuwa fundi umeme wa magari, na kila aliyemjia na maelezo marefu alijibiwa neno moja: "Tupime." Umwambie altaneta haichaji, tupime. Umwambie gari limerogwa, tupime. Wako waliosema ana kiburi, hasa wale ambao mita yake iliwahi kuwaumbua mbele za watu.

Kazi aliifundishwa na fundi mmoja mwenye kovu la duara kwenye kidole cha pete. Siku moja fundi huyo alikuwa akikaza nati ya betri, spana na pete vikagusa pasipostahili, na pete ikawa kaa la moto kabla hajamaliza kusema "mama yangu". Tangu alipoliona kovu lile, Pima huvua pete yake ya ndoa kila asubuhi na kuifunga kwenye ncha ya kitambaa. Jambo hilo mama mkwe wake hakulimeza kamwe. "Mkaza mwana gani huyu," aliwaambia majirani, "anayekuwa mke wa mtu jioni tu?"

Sasa, asubuhi moja mama mkwe huyo alitakiwa awe hospitali saa nne, akatolewe mtoto wa jicho. Miezi saba alisubiri zamu. Jicho la kushoto lilikuwa haliambulii kitu ila mwanga, na la kulia lilifuata nyayo za mwenzake. Daktari hakuuma maneno: akikosa siku hiyo, angesubiri miezi mingine saba, na hapo hakuwa na ahadi ya kumpa. Naye mama, badala ya kushukuru, akaweka sharti. Atakwenda kwa gari la marehemu mumewe au hatakwenda kabisa. Teksi hataki, gari la jirani hataki. Wa nyumbani walijua maana yake: mama aliogopa kisu, na alikuwa anatafuta upenyo wa kukwepea.

Saa mbili kasorobo upenyo ukapatikana. Mwanawe mdogo, shemeji yake Pima, alizungusha ufunguo, gari likajibu tik-tik-tik na kunyamaza.

"Basi," mama akasema, akaanza kufungua vifungo vya koti lake. "Mungu hakupanga."

Pima alipofika na mkoba wake begani, alikuta shemeji amekwisha azima gari la jirani na kulisogeza pua kwa pua na lile la marehemu. Alikuwa na waya za kubusti, za kuazima umeme wa betri nyingine, mikononi na sigara mdomoni.

"Shemeji, weka chini hizo waya. Na hiyo sigara kaizime huko getini."

"Dakika mbili tu, shem. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nani hajui?"

"Betri inatoa gesi. Ikidaka moto itakupasukia usoni, na leo tutapeleka wagonjwa wawili hospitali."

Sigara ikazimwa. Pima akavaa miwani ya plastiki na glavu, akainamia injini. Alianza kwa kuuliza, maana kupima kwake kulianzia mdomoni. Taa ziliachwa zikiwaka? Hapana. Mlango ulibaki wazi? Hapana. Juzi liliwakaje?

"Kwa kusitasita," shemeji akakiri. "Kama mtu anayeamshwa alfajiri."

Betri ilikuwa imevimba ubavu mmoja, na vichwa vyake vimeota unga mweupe wenye ukijani mpaka alama za kujumlisha na kutoa zimefichika. Waya zake zote mbili zilikuwa nyeusi, ila moja ilizungushiwa tepu nyekundu na nyingine tepu nyeusi. Pima akaweka ncha nyekundu ya mita kwenye waya yenye tepu nyekundu, ncha nyeusi kwenye ile nyingine. Mita ikaonyesha volti kumi na kidogo, wakati betri nzima husoma kumi na mbili na nusu. Lakini mbele ya namba kulikuwa na alama ya kutoa.

Akakunja uso. Akaifuata waya yenye tepu nyekundu kwa kidole mpaka mwisho wake, akakuta imefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Waya inayokwenda kwenye bodi ndiyo hasi, hapakuwa na mjadala. Tepu nyekundu ilikaa upande usio wake. Kama shemeji angebana waya zake kwa kufuata rangi, pengine magari yote mawili yangebaki pale yakifuka moshi.

"Hii tepu imefungwa vibaya," Pima akasema.

Barazani, mama mkwe akainua kichwa. "Nani kafunga vibaya? Betri hiyo aliiweka mume wangu kwa mikono yake. Hakuwa mtu wa kukosea."

"Mama, nasema mita inavyosema."

"Mita yako inamjua mume wangu?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Katika nyumba ile marehemu hakuguswa, na Pima alikuwa mtu wa kuja. Angeweza kunyamaza, akafanya kazi yake na kuiacha tepu ilipo. Lakini atakayelifungua boneti kesho atajuaje? Akaomba maji ya moto yenye magadi, akachovya tambara, akasugua ule unga mpaka alama ya kujumlisha ikajitokeza. Ilikuwa upande wa tepu nyeusi.

"Niwie radhi, Mama. Baba nilimpenda. Hapa alikosea."

Pima hakusubiri jibu, saa ilikuwa inakwenda.

"Betri iliyovimba haibustiwi," alimwambia shemeji. "Panda pikipiki uende karakana kwangu. Chukua yenye ukubwa huu huu, na kichwa cha chanya kiwe upande huu huu."

Shemeji akaondoka mbio. Pima akahakikisha ufunguo umetolewa, akafungua waya ya hasi kwanza, kwani hiyo ikishatoka, spana hata ikigusa bodi haitoi cheche. Kisha ile ya chanya. Akakunja magoti, akainyanyua betri ikiwa wima na kuiweka kando, ipelekwe kwa wanunuzi wa betri chakavu, si jalalani. Mpya ilipofika akaifunga kwa mpangilio wa kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho. Akaitikisa, haikucheza. Akabandua tepu za zamani na kuweka nyingine, kila rangi mahali pake.

Gari likawaka kwa mguso mmoja. Mita ikasoma volti kumi na nne. "Altaneta nzima, inachaji," Pima akasema, akijipangusa mikono. "Ilikuwa uzee wa betri tu." Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Mama mkwe akashuka ngazi akipapasa ukuta. Akasimama karibu na Pima, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Usiseme tena kwamba baba yenu alikosea," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Betri aliifunga yeye, tepu alinipa mimi. Nyekundu huku, nyeusi kule. Nilikuwa sioni tofauti, nikaona haya kusema, nikabahatisha. Miaka sita sasa."

"Na Baba hakugundua?"

"Aligundua. Alinitazama tu, akafunga boneti. Kesho yake akaniombea miadi kwa daktari wa macho, sikwenda. Akaomba nyingine, sikwenda. Amekufa akiniombea miadi."

Pima akamshika mkono. Mama hakuutoa.

Shemeji akafungua mlango wa dereva. Mama akatikisa kichwa.

"Wewe kaa nyuma. Ataendesha huyu anayepima."

Pima akaingia, akamfunga mama mkanda, akarekebisha kioo. "Twende polepole, Mama?"

"Nenda upesi," mama akasema, "kabla sijapata sababu nyingine."