Vifuniko vya Mama Venance

Jirani yangu Fabiola, Mama Venance, ana miti sita ya maepo, na mimi sina hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Marehemu mumewe, Teodori, aliileta miche kutoka Mbulu ikiwa imeviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa, akaipanda nyuma ya nyumba yao hapa Singe. Tulimcheka. Tukamwambia maepo yanataka baridi, na Babati si Mbulu. Akafa hajala hata moja. Mwaka wa tatu baada ya kumzika, miti ikaanza kuzaa, na tangu hapo haijapumzika.

Mtu mwingine angeyauza maepo yake sokoni akatulia. Fabiola hatulii. Ni fundi cherehani, anaimba kwaya, ni mjane na hajawahi kumlalamikia mtu. Hakunji uso hata siku ya njaa. Mimi watu wa namna hiyo wananichosha. Mwaka ule mavuno yalipozidi, maepo yakaanza kuozea chini ya miti, aliyatwanga kwenye kinu, akayakamua kwa kitambaa, akaimimina juisi kwenye madumu na kuiacha ichache yenyewe. Baada ya wiki tatu akatuonjesha wanajumuiya. Walivyosifu, nilitamani kuondoka kabla ya sala ya kufunga.

Mnielewe. Mimi Anjela ndiye mpika kangara, pombe ya asali, wa mtaa huu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hakuna kipaimara wala ndoa iliyopita hapa bila kangara yangu mbele ya meza kuu. Kwa hiyo binti yangu Hilaria alipochumbiwa sikumuuliza mtu, nilianza kutafuta asali.

Akanikuta naichuja.

"Mama, usikasirike. Kwenye sendofu nataka ile ya maepo ya Mama Venance."

"Na kangara?"

"Kangara watu wameizoea, mama. Halafu wakwe wanatoka Arusha."

"Wa Arusha hawana koo?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilishikwa na wivu, na sitauita jina jingine. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, siku yake moja tu, anataka kinywaji cha jirani! Kangara niliipika hivyo hivyo, nikaiweka chumbani.

Siku mbili kabla ya sherehe hiyo ya kumuaga binti nilikwenda kwa Fabiola, nikajifanya nimekuja kusaidia. Madumu manne yalikuwa jikoni, vifuniko vimelegezwa hewa itoke. Sisi wapika pombe tunajua kwamba pombe haibanwi. Ukiibana ingali inachacha, inapasua chombo. Fabiola alipotoka kuanua nguo, nilivishika vifuniko kwa upindo wa khanga nikavikaza vyote vinne, kwa nguvu zangu zote. Kisha nikaaga. Nyumbani nilikaa karibu na dirisha, nasubiri kusikia mlipuko.

Haukusikika.

Siku ya sendofu madumu yaliletwa yamevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Moyo wangu ukatulia. Hata kama hayajapasuka, nilijua pombe imeharibika. Na kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone haina ubaya. Aibu yake ingeonekana na watu wote.

Mume wangu, Xaveri, akahangaika na kifuniko cha kwanza mpaka kikaachia. Ikatoka pumzi kali, halafu povu jeupe. Fabiola akakinga kikombe, akaonja, akakitazama kikombe. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

Kisha akacheka, povu likiwa bado mdomoni.

Baba mkwe wa Hilaria alikunywa kikombe cha kwanza akaomba cha pili kabla hajakaa. Wageni wakasema inachoma ulimi kama soda, wakasema hata za dukani haziifikii. Hilaria akaacha meza kuu, akaja kumkumbatia Fabiola. Mimi alinipita.

"Mama Venance, safari hii umefanyaje? Ile ya mwanzo haikuwa na povu."

Maneno yalinifika kwenye meno. Ni mimi! Nilivikaza mimi! Kitu walichokuwa wanakisifu kilikuwa changu, na nisingeweza kukidai bila kueleza nilichokuwa nimekusudia.

"Hata sijui, mwanangu," Fabiola akajibu. "Nilivilegeza vifuniko mwenyewe, jioni nikavikuta vimekazwa. Nikajaribu kuvifungua, nikashindwa."

Akajaza kikombe, akaniletea kwa mikono miwili.

"Onja, Mama Hilaria. Wewe ndiye unayeijua pombe."

Nikanywa. Ilikuwa nzuri kuliko kangara yangu yoyote, Mungu anisamehe. Fabiola akainama kama anayepokea kikombe, akaniambia taratibu:

"Mwakani uje uvikaze tena. Mimi sina mikono ya namna hiyo."

Hakusema zaidi, wala hajamwambia mtu mpaka leo. Na hilo nalo namwonea wivu, maana ingekuwa mimi, mtaa mzima ungeshajua.