Mbwa Asiyenguruma

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno, shambani kwetu hapa Moi's Bridge, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Mahindi yalikuwa yamekauka, tunayakata na kuyasimamisha mafungu mafungu, nami nikamwona mama yako akija kutoka barabarani na kikapu kichwani. Alikuwa ametoka kwao Kamukuywa. Alipokitua, kikapu kikatikisika chenyewe. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi, kifua cheupe, tumbo limejaa uji. Mama mkwe wangu alikuwa ametupatia, maana wezi wa mahindi walikuwa wametutembelea mara mbili mwaka ule. Tukamwita Bobi.

Mwanangu, sijawahi kukusimulia habari za Bobi. Leo nitakusimulia, na kabla sijamaliza utajua kwa nini nilinyamaza miaka hii yote.

Jumapili iliyopita nilipofika kwako Kitale baada ya ibada, nilikukuta uani umemlaza chali yule mtoto wa mbwa mliyemleta juzi. Mkono mmoja ulikuwa kooni mwake, wa pili umemfumba mdomo. Ulikuwa umeona kwenye simu mtu akifanya vile, ati kiongozi wa mbwa mwitu humpindua mdogo wake mpaka akubali kutawaliwa. Mkeo alikuwa amesimama mlangoni amempakata mtoto. Alisema daktari wa mifugo mjini amemkataza, na kwamba wengi waliosomea wanyama wameiacha njia hiyo. Ukamjibu, "Wee acha, bana. Si lazima ajue bosi ni nani?" Kisha ukanigeukia mimi, ukitaka nikuunge mkono. Mimi nikaomba maji ya kunywa. Ulidhani nimechoka na safari. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimejiona.

Bobi alikuwa na meno kama sindano. Aliuma vidole, visigino, pindo la suruali, leso ya mama yako. Leo najua kila mtoto wa mbwa huuma, kama vile kila mtoto wa mtu hutia vitu mdomoni. Anaota meno, fizi zinamwasha, na mdomo ndio mkono wake wa kushikia dunia. Lakini ujana ni moshi machoni, na kwangu mimi ile ilikuwa dharau. Mimi mwenye boma, nimelima ekari tatu kwa mikono yangu, niumwe na kitu cha kuingia kwenye kofia?

Tulikuwa na jirani aliyeitwa Barasa. Aliwahi kulinda shamba kubwa kwa kutumia mbwa, na sisi vijana tulimwamini kwa habari zote za mbwa. Nikamwonyesha alama mkononi.

"Huyo anakupima," akaniambia. "Mbwa ni kama fahali. Usipomkalia leo, kesho atakukalia wewe. Mlaze chali, mshike koo, mtazame machoni mpaka aangalie kando. Akinguruma, kaza. Ukimwachia kabla hajanyamaza, umeshindwa. Samaki mkunje angali mbichi, bana."

Barasa hakuwa mtu mbaya. Nataka ulijue hilo. Alinipa alichopewa na waliomtangulia, na alinipa kwa moyo mweupe.

Nikaanza siku hiyohiyo. Asubuhi na jioni, Bobi akiuma, nampindua. Mwanzoni alipiga mateke na kunguruma kwa kile kisauti chake chembamba, nami nikakaza kama nilivyoelekezwa. Mama yako alikuwa na njia yake aliyotoka nayo kwao. Mbwa akimuuma alilia "Ai!" kwa sauti, akaachana naye, akamgeuzia mgongo na kwenda zake jikoni. Akirudi, mbwa akiwa ametulia, alimtupia kitambaa kikuukuu alichokifunga mafundo, ateme hasira zake pale. Akafanya hivyo mara ishirini kwa siku bila kuchoka. Niliona ni mchezo wa watoto.

"Baba Nanjala," aliniambia siku moja, "mama yangu hafanyi hivyo unavyofanya. Huyo mbwa anakuogopa tu."

"Hapa si kwa mama yako," nikamjibu. "Hapa kuna mwanamume."

Tangu siku hiyo hakusema tena juu ya Bobi. Nikahesabu na hilo kuwa ushindi.

Baada ya majuma machache mbwa akaacha kuuma. Baadaye akaacha hata kunguruma. Niliweza kumwondolea chakula mdomoni, naye akatulia tuli kama jiwe. Nikajisifu mbele ya wenzangu baada ya kanisa, "Mbwa wangu hathubutu hata kunguruma." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi methali hiyo tuliijua wote, lakini hakuna aliyeikumbuka. Wala sikujiuliza kwa nini Bobi alijibana ukutani kila nilipoingia uani, au kwa nini nikimwinamia alijikojolea. Macho yangu yalikuwa wazi na hayakuona kitu.

Miaka miwili ikapita. Dada yako Nanjala, aliyekuwa akitambaa siku ile mbwa alipoletwa, alikuwa sasa na miaka mitatu. Ilikuwa Jumamosi, jua limesimama katikati. Mama yako alikuwa akichambua maharagwe, mimi nafunga mpini wa jembe. Bobi alikuwa amelala kando ya ukuta wa jiko. Nanjala akamwendea, akamwinamia, akataka kumkumbatia shingoni.

Hakunguruma, mwanangu. Hakuonyesha meno wala kusimamisha manyoya. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya mtoto.

Ile alama inayotoka chini ya jicho la dada yako mpaka pembeni mwa mdomo, uliyoambiwa tangu udogo wako kuwa alianguka juu ya plau, si ya plau. Ni ya Bobi. Tulimkimbiza hospitali ya Kitale juu ya trekta la jirani, mama yako ameshikilia leso usoni pa mtoto, leso yote imelowa. Walimshona. Wakamwanzishia sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na kila alipoiona sindano alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningeweza kuikataza.

Siku ya tatu mama mkwe wangu akafika kutoka Kamukuywa. Unajua mila yetu sisi Wabukusu: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Nilikuwa nimeketi na mama yako kwenye benchi nje ya wodi, na nilipomwona nikainuka niondoke, kama adabu inavyotaka.

"Mwambie asiende," akamwambia binti yake. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akakaa hivyo akitazama ukuta. Alizungumza nami kupitia mama yako.

"Muulize, mbwa alinguruma kwanza?"

"Mwambie hakunguruma," nikasema.

"Muulize, alipokuwa mdogo alikuwa akinguruma?"

"Alikuwa akinguruma."

"Muulize alinyamazishwa na nani."

Hapo mama yako hakuweza kuuliza. Alijifunika uso kwa mikono miwili. Nikaona siwezi kumwachia mzigo huo pia, nikavunja mila, nikajibu mwenyewe, "Ni mimi, mama. Nilimlaza chali nikamshika koo. Nilitaka kumkunja angali mbichi."

Alipoongea, hakupitia kwa mtu tena, ingawa mgongo hakuugeuza.

"Samaki hukunjwa, havunjwi. Umewahi kukaa ukatazama watoto wa mbwa wakicheza? Mmoja akimuuma mwenzake sana, mwenzake hulia, kisha huacha mchezo. Basi. Aliyeuma hubaki peke yake, na kesho hupunguza. Hivyo ndivyo hujifunza kupima mdomo wake. Na mbwa akinguruma anaongea. Anasema, rudi nyuma, sitaki kukuuma. Wewe uliadhibu neno lake. Ulimnyang'anya maneno, ukamwachia meno."

Kisha akaingia wodini kumwona mjukuu wake. Hakunitukana wala kupaza sauti. Laiti angenitukana! Nimehudhuria mazishi mengi tangu siku ile, na sijawahi kukaa kwenye benchi gumu kama lile.

Bobi alifungwa siku kumi ili ionekane kama ana kichaa. Hakuwa nacho. Lakini afisa wa mifugo alisema mbwa aliyemrarua mtoto usoni bila kuonya hawezi kuaminiwa tena katika boma lenye watoto. Mama mkwe naye alituma neno kwamba angemchukua, ila kwake kulikuwa na wajukuu saba. Kwa hiyo siku ya kumi na moja afisa akaja na sindano yake.

Nilikwenda kumfungua mimi mwenyewe. Nilipokaribia, kabla sijamgusa, Bobi akajilaza chali. Akatoa koo, akageuza macho kando, kama nilivyomfundisha. Alikuwa akitetemeka mwili mzima. Ile niliyoiita heshima kwa miaka miwili, nikaiona ilivyo. Nilipiga magoti nikamwekea mkono kifuani, pale peupe, nikamwambia afisa aendelee. Nilimzika nyuma ya ghala bila kumwita mtu anisaidie.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Huja mwisho, na akija hukaa. Kuanzia hapo nilianza kuyaona mengine. Nilikuwa nikiingia nyumbani, mazungumzo yanakatika. Nilikuwa nikiuliza jambo, najibiwa "ndiyo" kabla sijamaliza. Nikamwendea mama yako, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Niliona kitambo kwamba mbwa anakuogopa. Lakini ungenisikia?" Ilinichukua miaka kumfanya aamini kwamba anaweza kunipinga nyumbani mwangu bila nyumba kutikisika. Ulipozaliwa wewe tulikuwa tumefika. Ndiyo maana ulimjua mama mwenye sauti, Mungu amrehemu.

Mbwa wa pili alilelewa na yeye, kwa njia ya kwao. Sitakudanganya, haikuwa njia ya mkato. Suruali zangu mbili zilitoboka, na siku nyingine nilitamani sana kurudia ya Barasa, maana njia yake ilionekana kufanya kazi upesi. Mbwa yule aliishi nasi miaka kumi na mitatu. Aliwangurumia wageni, akaningurumia hata mimi mara moja nilipomkanyaga mkia, nami nikamshukuru.

Wala sitasema kwamba kila mbwa aliyekaliwa huuma watu. Barasa alikuwa na mbwa waliopinduliwa vilevile na wakafa uzeeni bila kumgusa mtu. Ukibishana na mkeo utamtajia mbwa kama hao, na hutakuwa umesema uongo. Lakini mtu akivuka mto Nzoia uliofurika akafika ng'ambo salama, hilo haliufanyi mto kuwa daraja.

Kwa nini tulidanganya habari za plau? Mimi ndiye niliyeuanzisha uongo huo, kwa aibu, na mama yako akanifichia. Jumatatu nilimpigia dada yako simu huko Webuye anakofundisha, nikamuuliza kama ananiruhusu kukueleza. Nilidhani nitamshtua. Akasema, "Baba, mimi nilikuwa najua. Siku ile sikuisahau. Nilingoja useme wewe." Kisha akasema, "Mwambie haraka. Ana mtoto anayetambaa."

Basi nimesema. Sasa sikiliza nasaha yangu, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu si lako.

Mtoto wa mbwa akikuuma, mwondolee mkono na mwondolee mchezo. Mpe kitu chake cha kutafuna. Rudia leo, rudia kesho, na nyumba nzima ifanye namna moja, asichanganyikiwe. Usimweke chali, usimfumbe mdomo, usimpige. Akinguruma, usimwadhibu, simama ujiulize umemtisha na nini. Mtoto wako na mbwa msiwaache peke yao hata dakika moja, hata mbwa akiwa mpole kama kondoo. Na huyu uliyekwisha kumlaza chali, bado ni mchanga, mpeleke kwa yule daktari aliyezungumza na mkeo, mwende wote wawili, na wewe ndiye useme ulichokuwa ukifanya.

Zaidi ya mbwa, nakuambia hivi: ukiona kilicho chini yako kimenyamaza, usikimbilie kufurahi. Kaa nacho karibu ujue kama kimetulia au kimeogopa. Mtoto, mke, mfanyakazi, hata ng'ombe wa maziwa. Anayeweza kukuambia "hapana" bado anakuamini. Na mkeo alikuambia hapana Jumapili, mbele yangu mimi baba yako. Mwanamke huyo ana moyo mkubwa. Mwombe radhi kabla ya chakula cha jioni.

Mungu aibariki nyumba yako. Akupe mkono mzito wa kulima na mkono mwepesi wa kushika kilicho kidogo. Akupe masikio marefu kuliko hasira yako. Watoto wako wakue bila makovu ya kufichwa, na utakapokuwa mzee kama mimi, uwe na machache ya kuungama na mengi ya kushukuru. Amina, mwanangu.