Jumamosi za Shangazi

Kila Jumamosi shangazi yangu hunipigia simu kwa sauti ya mgonjwa: bomba linavuja, kabati halifungi, njoo mwanangu. Nikishalala chini ya sinki, yeye huvuta kigoda karibu na kunimwagia umbea wa mtaa mzima. "Mikono yangu hii haina nguvu hata ya kufungua chupa," husema, akiitazama kwa huruma. Juzi niliaga, kisha nikarudi kuchukua simu niliyoisahau. Nikamkuta amepiga magoti penye mlango wa jikoni, bisibisi mkononi, anafungua skrubu za bawaba kama fundi wa miaka thelathini. Wala hakushtuka.

"Jumamosi ijayo ni mlango," akasema.

"Hiyo ni kazi ya masaa mawili, Shangazi."

"Matatu," akajibu, huku akiendelea kulegeza.