Mkonge Niliopaka Mafuta ya Nazi

Nianze na aibu yenyewe, ili mkicheka mcheke mapema tuendelee: mimi, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, niliuosha mkonge kwa shampuu, nikauchana kwa kitana, nikaupaka mafuta ya nazi, nikausuka mikia, kisha nikamwacha dada yangu aupeleke kiwandani. Hapana, sikuwa naumwa kichwa. Nilikuwa nasaidia.

Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Xiaobei, mimi na dada yangu Zuhura. Zuhura ndiye mfanyabiashara. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walikwenda China kutafuta bidhaa, mimi nilikwenda kwa sababu Zuhura alitaka mtu wa kumpikia wali wa kueleweka na kupokea mizigo, na kusema kweli ukinipa jiko, redio na mlango unaofungika, mji wote huko nje unaweza kufanya unavyotaka.

Sasa Zuhura alikuwa amefahamiana na laoban mmoja (ndivyo tulivyowaita wenye viwanda na maduka kule), mtengenezaji wa stuli za plastiki, ambaye alitaka kuchanganya nyuzi za mimea ndani ya plastiki ili stuli ziwe ngumu zaidi na plastiki itumike kidogo. Zuhura kusikia nyuzi za mimea, nusura apige vigelegele. Sisi watu wa Tanga, na mkonge wa baba ulikuwa umelala ghalani bila mnunuzi tangu kamba za nailoni zilipotawala, mzee mwenyewe ameshatangaza kwamba atang'oa shamba zima apande mihogo. Laoban akikubali, shamba linapona. Akikataa, majembe yanaingia.

Basi dada akarudi kutoka safari ya nyumbani na gunia la singa za mkonge, akaliweka nyuma ya mlango, akaniambia, "Hamisi, hili usiliguse. Liache hivyo hivyo mpaka nilipeleke."

Mngeliacha? Ninyi pengine mngeliacha. Lakini yalikuwa majira yale ambayo kuta za Guangzhou hutoka jasho, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu ukiutazama, na lile gunia likaanza kunuka mbuzi aliyenyeshewa. Zuhura yuko sokoni, mimi niko ndani na yule mbuzi. Kwanza akaja jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Koku, Mhaya wa Bukoba anayenunua nguo kule soko la Shisanhang, akiomba kamba ya kufungia mizigo yake. Nikafungua gunia nikamkatia fungu. Afadhali angechukua akaniacha na amani yangu, lakini akavuta pua, akasema, "Hii ndiyo mali ya kumpelekea tajiri? Inanuka zizi."

Maneno yale yaliniingia. Kwetu binti hapelekwi kuonyeshwa wakwe nywele zimesimama kama kapigwa na radi, anaoshwa, anachanwa, anatiwa mafuta mpaka nzi ateleze. Nikasema mkonge wa baba hautakwenda kwa watu namna ile. Mengine mnayajua. Nilipomaliza kusuka, nikaupuliza kwa feni mpaka ukakauka, na ulikuwa unapendeza, jamani, hata leo nasema ulikuwa unapendeza.

Asubuhi Zuhura akachungulia gunia juu juu, macho bado yana usingizi. "Mbona unang'aa?"

"Daraja la kwanza huo," nikamjibu. Akafurahi, na akaniambia twende wote nikambebee. (Mwenyewe mtu wa ndani, siku moja tu nimetoka, tazameni.)

Kiwandani laoban alikuwa amewaalika wanunuzi wawili waje waone jaribio, na mafundi wake wameacha mashine wamejipanga ukutani. Akafungua gunia. Mikia ikamwagika mezani. Mafundi wakacheka, laoban hakucheka, akaushika mmoja, akaunusa, akasema na Zuhura Kichina cha haraka.

"Anauliza kama umewekwa kitu," Zuhura akaniambia.

Hapo ningesema kweli, hadithi ingeishia hapo. Lakini watu wote wale wananitazama!

"Haujawekwa kitu. Mkonge wa kwetu unang'aa wenyewe."

Wakaukatakata vipande vifupi, wakautia kwenye oveni ukauke unyevu kabla ya kukutana na plastiki ya moto. Taratibu kiwanda kizima kikaanza kunukia kama nimeweka kikaango cha vitumbua. Fundi mmoja akashika tumbo kwa njaa. Zuhura akageuza shingo, polepole sana, akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Wakachanganya na plastiki iliyoyeyuka, wakagandamiza kwenye kalibu, ikatoka stuli ya rangi ya chai ya maziwa, nzuri kabisa, nikaanza kupumua. Ikapoa. Laoban akaipigapiga, akatafuta kwa macho mtu mzito wa kuikalia. Akapita kwa mafundi, akapita kwa wanunuzi, akanifikia mimi, akatabasamu.

Wali wote ule niliojipikia ukanisaliti siku hiyo. Nilikaa, stuli ikatulia kidogo, nikawapungia mkono (nani alinituma?), kisha nikasikia kitu kinalia chini yangu kama mhogo mkavu unaovunjwa, na nilichokiona baada ya hapo ni taa za juu na ndala yangu moja ikiwa hewani.

Hakuna aliyeniinua. Laoban aliinama akaokota kipande cha stuli, akaushika uzi mmoja uliochomoza, akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka wote, safi, hauna hata chembe ya plastiki, kama unavyotoa unywele kwenye uji. Akanusa vidole.

"Bu yao," akasema. Sitaki. Neno hilo tulilijua kabla ya salamu.

"Dada," nikasema kutoka sakafuni, "mafuta ya nazi."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Kidogo."

"Kidogo?"

"Chupa."

Sitaandika aliyoniita, baba yetu anajua kusoma. Lakini dada ni dada, alipomaliza na mimi akamgeukia laoban, akamweleza huku akinionyesha kidole kila sentensi, mpaka wanunuzi wakawa wanajifuta machozi. Laoban naye akasugua viganja vyake kutuonyesha: plastiki inataka uzi mkavu unaokwaruza ili iung'ang'anie, ukiupaka mafuta inateleza. Kesho, akasema, leteni hata fungu moja lisiloguswa, nitajaribu kutengeneza kibao kidogo. Kesho tu.

"Umebakiza?" Zuhura akaniuliza.

Nilikuwa nimeupaka wote, mimi kazi yangu siifanyi nusu. Wote, isipokuwa ule wa Mama Koku.

Mizigo ya Mama Koku ilikuwa imepangwa ukumbini kwake, imekazwa kwa mkonge wa baba, mtu wa usafirishaji anakuja jioni ile ile kuichukua. Nilipiga magoti. Alinitazama mpaka nikakosa pa kuweka mikono, halafu akanisogezea mzigo wa kwanza, nikafungua mafundo kwa kucha na kwa meno, kisha nikaifunga yote upya kwa utepe wa gundi huku yeye amekaa kitini akinionyesha ninapokosea.

Kesho yake Zuhura alikwenda peke yake. Aliporudi alitupa mkoba kitandani akasema majembe ya mzee yasubiri, kibao kilikanyagwa kwa kisigino, kikapinda, kikarudi, na laoban anataka gunia zima kutoka kwa mzee, kavu, lisilooshwa, na yule kaka abaki nyumbani. Abaki nyumbani! Kumbe ningeomba tu.

Tangu siku hiyo nikiona mkonge natia mikono mfukoni. Niliapa hivyo jioni ile ile, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na Mama Koku alikuwa anapita na ndoo yake. Akasimama, akanipima juu mpaka chini, akasema, "Hamisi, kaoe mwanamke mwenye nywele, uache kusumbua magunia."